Sauti ya Baba Siku ya Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu iliyopita nilikuwa kanisani hapa Mikumi, ninakoishi na mwanangu wa mwisho. Siku hizi habari ya mateso ya Bwana inasomwa kwa vipaza sauti. Kijana mmoja anasoma maneno ya Yesu, mwingine ya Pilato, na sisi wengine wote tunakuwa lile kundi lililomkataa. Ilipofika pale pa kusema "Asulubiwe", kanisa zima lililipuka. Wanakwaya walifurahia kweli, mmoja akarudia kwa madoido, mwenzake akamkonyeza. Mjukuu wangu akanigusa kiwiko. "Bibi, sema, ni zamu yetu." Nikamwambia anyamaze. Mdomo wangu haufunguki kwa neno hilo, na sina mpango wa kuulazimisha uzeeni.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mkwe wangu akaniwekea chai, hakuniuliza kitu, ananijua. Kadiri nilivyokunywa ndivyo hasira ilivyopungua, nikabaki ninamkumbuka baba yangu, ambaye hakuwa Mkristo, na ambaye sijaona mtu aliyemheshimu Kristo kuliko yeye. Najua hayo maneno mawili hayakai pamoja vizuri. Ndiyo maana nataka kuyasimulia.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye mashamba ya mkonge mnaijua harufu ya makapi yaliyolowana nyuma ya kinu. Wageni walifunika pua, sisi tulikula ugali humo humo na hatukusikia kitu. Kambi yetu ilikuwa upande wa Rudewa, enzi za Mwingereza. Nyumba zilipangwa mistari, bomba moja la maji kwa mstari mzima, na ugomvi wa bomba ulikuwa ndiyo burudani yetu. Walikuwapo watu wa kila kabila. Baba alitoka Songea akiwa kijana, akaja kama manamba kukata mkonge, lakini walipogundua sauti yake wakamtoa kwenye kukata. Wakampa kazi ya kuita watu. Alfajiri alikuwa akigonga kipande cha reli kilichoning'inizwa karibu na ofisi, halafu anaita, mstari kwa mstari. Watu wa Chanzuru walidai na wao wanaamkia sauti hiyo. Walikuwa wanatia chumvi, lakini si sana.

Mama alikuwa Mkaguru wa milimani, binti wa watu wa misheni, amebatizwa angali mchanga, anajua nyimbo zote mpaka ubeti wa mwisho ambao wengine huwa tunaumumunya tu. Mama alikuwa akishuka kambini kuuza ndizi, ndipo akampenda baba. Baba akapeleka mahari, wazee wakapokea, ndoa ikawa ya kimila. Kanisa halikuitambua. Mwanamke aliyebatizwa akikaa na mume asiyebatizwa, kwa utaratibu wa kwetu wakati ule, alifungiwa Meza ya Bwana, asipokee mkate na divai, mpaka mume abatizwe na ndoa ibarikiwe. Basi mama alifungiwa tangu kabla sijazaliwa.

Nilikuwa mdogo lakini niliona jinsi jambo hilo lilivyomla. Yeye ndiye aliyefua kitambaa cha Meza. Kila Jumamosi iliyotangulia ujio wa kasisi kutoka Kilosa, alikiloweka peke yake, hakukichanganya na nguo zetu hata siku moja, akakianika mbali na vumbi la nyuzi, kisha akakipiga pasi ya mkaa akiwa amebana pumzi, chembe ya mkaa isije ikarukia. Kesho yake kitambaa kilitandikwa, mkate ukawekwa, na mwalimu wa kanisa akasema wale wasioruhusiwa watoke. Mama alinishika mkono tukatoka. Tulikaa nje kwenye gogo pamoja na baba, na mama aligeuza uso upande wa mkongeni mpaka ibada iishe. Mimi nilidhani anatazama kama mvua inakuja.

Na dawa ilikuwa neno moja tu la baba. Kanisa letu la kambini lilikuwa la udongo, limeezekwa nyasi juu ya milingoti ya mkonge, na mwalimu wake aliitwa Yeremia. Mwembamba, mkali, mkono ukifanya kazi moja kichwa kinawaza nyingine. Baba alihudhuria darasa lake la ubatizo mwaka hadi mwaka. Alijua majibu yote. Kila Pasaka kasisi alikuja kuwauliza wanafunzi mmoja mmoja mbele ya watu, "Unaamini?" Wenzake walijibu "Naamini" wakaingia. Baba alijibu, "Bado."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeulizwa kama chakula kimeiva, akafunua chungu akaona hakijaiva. Watu walicheka mwanzoni, baadaye wakachoka, mwisho wakakasirika. Walimwita mpinga Kristo, tena mbele yetu watoto. Yeye Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni tena, amevaa shati lake safi, anasikiliza kwa makini kuliko waliokuwa wamekaa mbele wakisinzia.

Nakumbuka Mwalimu Yeremia alivyomjia nyumbani, akakaribishwa kigoda, nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia "Marahaba" bila kunitazama, maana macho yake yalikuwa kwa baba.

"Kinakushinda nini?" alimuuliza. "Muujiza gani hujasomewa?"

"Nimesomewa yote," baba alisema. "Ndiyo inayonitisha. Watu wale walikula mikate yake, wakamwona kipofu wa mtaani kwao anatembea bila fimbo, na bado hawakumwamini. Ndugu zake wa tumbo moja hawakumwamini. Sasa mimi wa Songea, ambaye sijamwona, niamini haraka haraka kwa sababu mke wangu ana njaa ya mkate wake?"

"Kwa hiyo unawasifu wale waliompinga."

"Siwasifu. Nasema sitaki kuwa kama wale wengine, waliomwita Bwana asubuhi, jioni yake hawakuwapo. Nikisema ndiyo, iwe ndiyo."

Mama alikuwa jikoni nyuma ya kiambaza, anasikia kila neno. Alikoroga ugali kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika. Chakula cha jioni ile tulikula kimya, na baba alisifia mboga peke yake.

Sasa nije kwenye Ijumaa Kuu. Kanisa letu lilikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Habari ya mateso ilisomwa kwa sauti mbalimbali, lakini Wakristo waliobatizwa walikataa kabisa kutamka maneno ya kundi lile. Waliona ni mwiko, kinywa kinachopokea mkate kitasemaje "Asulubiwe"? Basi kazi hiyo waliachiwa wale ambao hawajabatizwa, waliosimama nyuma karibu na mlango. Na kati yao nani mwenye sauti? Baba. Wengine walimfuatia tu chini chini. Aliposema neno lile, nyasi za paa zilitikisika, na wanawake mbele wakalia. Kila mtu alisema mwaka huu ibada imefana.

Mimi nilikuwa na rafiki, Eliza, binti wa Mwalimu Yeremia. Tulikuwa tunasuka kamba za makapi ya nyuzi kwa kuchezea, akaniambia bila hata kuinua macho, "Baba yako ndiye anayemuua Yesu."

Nikamwambia mwongo.

"Si mwongo. Kila mwaka hafi mpaka baba yako aseme. Pilato anauliza, anauliza tena, anataka kumwachia. Baba yako anakataa. Baba yangu amesema hao wasioamini ndio waliomtundika."

Nililifikiria neno hilo kwa akili yangu ya utoto, na nililiona halina ubishi. Kwangu mimi Ijumaa Kuu haikuwa kumbukumbu ya jambo la zamani. Ilikuwa inatokea pale pale, kila mwaka, kama mavuno. Na kweli Pilato alikuwa anauliza, na kweli palikuwa kimya kidogo, na kweli sauti iliyofuata ilikuwa ya baba. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilikuwa namtazama anavyokula, anavyofunga viatu, mtu mpole hivi, nikawaza anawezaje.

Alhamisi baba alirudi kutoka kazini, akakaa kizingitini kunawa miguu. Mimi ndiye niliyemmiminia maji. Alikuwa ananiita Mama kwa sababu jina langu la nyumbani ni la mama yake.

"Mama, mbona unamwaga nje ya miguu?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia asiseme kesho. Asiposema, Pilato atamwachia, atakwenda nyumbani kwa mama yake.

Baba yangu hakucheka. Nimeishi miaka mingi sasa, nimelea watoto na wajukuu, na najua jinsi ilivyo vigumu kutocheka mtoto anaposema jambo kama hilo. Alisugua kisigino taratibu. Kisha akaniuliza, "Na wewe unaona amekosa nini, huyo Yesu?"

"Hajakosa kitu."

"Hata mimi sijaona," alisema. "Na nimetafuta sana." Akachukua kopo mkononi mwangu akamalizia miguu mwenyewe.

Sikujua, na ndiyo maana nasimulia kwa mpangilio, kwamba wiki ile ile mama na Mwalimu Yeremia walikuwa wamekubaliana jambo. Kasisi angekuja Jumapili ya Pasaka. Mwalimu aliahidi kumwombea baba ili aulizwe kwa upole, kwa neno dogo, hata akitikisa kichwa tu kukubali itatosha, na siku hiyo hiyo ndoa ibarikiwe na mama arudi Mezani. Sharti ni baba aonyeshe utii Ijumaa Kuu, aseme maneno yake kama kila mwaka. Mama alikuwa ameshona gauni jeupe. Alimwambia baba, na baba akamjibu kwamba jambo la kutikisa kichwa atajaribu kulifikiria. Kwa mtu wa "bado" miaka yote ile, mama aliona mlango umefunguka. Aliimba siku nzima akifua kile kitambaa.

Ijumaa ikafika. Kanisa lilijaa mpaka watoto wakakalishwa sakafuni mbele, mimi na Eliza tukiwa bega kwa bega. Mwalimu Yeremia alisoma vizuri, lazima niseme ukweli, alikuwa na kipaji. Akasoma jinsi wakuu walivyomtafutia mashahidi wa uongo. Akafika kwa Pilato. Akauliza swali la Pilato, afanyiwe nini huyu, akanyamaza, akingoja sauti ya nyuma.

Haikuja.

Mwalimu akainua macho. Akarudia swali. Waliokuwa wamezoea kumfuata baba wakamtazama baba. Mimi nikageuka kabisa, nikamwona amesimama pale mlangoni, mikono nyuma, jasho linamtoka usoni ingawa palikuwa na upepo.

"Ni zamu yako," Mwalimu akasema.

"Najua," baba akasema. "Mwaka huu siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki. Mwalimu, mimi sijamwamini huyu mtu, kila mmoja hapa anajua. Lakini sijamwona na kosa. Mnanipa mimi kusema auawe kwa sababu siamini. Kutoamini ni kitu kimoja. Kumpigia mtu kelele auawe ni kitu kingine. Hicho cha pili sina."

Mzee mmoja wa kanisa akaguna. Mwalimu Yeremia akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Unajua unachokitupa," alimwambia. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huzuni, na alimtazama mama.

Nikamtazama na mimi. Mama alikuwa upande wa wanawake, safu ya tatu, mgongo umenyooka. Nilikuwa nimefurahi, nataka niseme wazi, moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha kwamba Yesu amepona na baba yangu ndiye aliyemponya. Nilitaka mama anione nikicheka. Hakuniona. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Nje mbuzi wa mtu alikuwa analia. Mwalimu hakuweza kuendelea, na hakuweza kufunga ibada, maana huwezi kuwaacha watu kwa Pilato ukawaambia waende nyumbani.

Mama akasimama. Akasema, bila kupaza sauti, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi kwa jirani: "Asulubiwe." Kisha akaketi, akavuta khanga akajifunika uso.

Halafu bibi mmoja wa safu ya mbele, mwenye ubatizo wa zamani kuliko kanisa lenyewe, akasema vile vile, polepole, "Asulubiwe." Akafuatia mwingine. Mzee aliyekuwa ameguna akasema. Likaenda hivyo safu kwa safu, wale waliobatizwa, kila mmoja kwa sauti yake ya kawaida, wengine wakilia, mpaka likamfikia Mwalimu Yeremia mwenyewe kule mbele. Naye akalisema, nusu yake tu ikasikika. Eliza alinibana mkono mpaka ukauma. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

Tukiwa njiani kurudi nilikataa kushikwa mkono na mama. Nilimwambia, "Umemuua. Baba alikuwa amemponya, wewe ukamuua."

Alisimama katikati ya njia, mkonge pande zote. Nilidhani atanizaba kofi, na alikuwa na mkono mwepesi, mama yangu. Akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. "Ndiyo, Debora," alisema. "Mimi na wenzangu. Baba yako hayumo. Ukiulizwa na Eliza, mjibu hivyo."

Jumapili kasisi alikuja. Alikuwa ameshaambiwa yaliyotokea Ijumaa, lakini hakulishikilia lile sharti. Alimwuliza baba kwa upole kama ilivyoahidiwa, akampa nafasi ya kutikisa kichwa tu. Baba alimtazama mama, aliyevaa gauni lake jeupe, akamtazama kwa muda. Akasema, "Bado, baba kasisi. Nisamehe." Tukatoka nje, tukakaa kwenye gogo. Mama hakugeukia mkongeni siku hiyo. Alikaa karibu na mume wake, akaweka kiganja chake juu ya goti la baba, hadharani, kitu ambacho watu wa enzi zile hawakufanya.

Baada ya wiki chache Mwalimu Yeremia alimjia mama peke yake. Alimweleza kwamba akirudi kwao milimani, akaacha kukaa na baba, anaweza kurudishwa Mezani mara moja. Alisema kwa nia njema, sitamsingizia. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Mwalimu," alimjibu, "mwanaume aliyekataa kumdanganya Mungu mbele ya watu wote, nikimwacha huyo, nitampata wapi wa kuniambia ukweli?" Akaendelea kupepeta. Mwalimu alikunywa maji akaaga, na hakulirudia jambo hilo tena.

Ijumaa Kuu zilizofuata, kanisa letu halikuwapa tena wasiobatizwa maneno yale. Wakristo waliyasema wenyewe. Hakuna aliyetangaza kubadilisha desturi. Baba alisimama mlangoni mwake kila mwaka, kimya, na aliendelea na darasa, na aliendelea na "bado" yake. Nilikua, nikasoma, nikaolewa. Nilimuuliza siku moja nikiwa mtu mzima kama haoni amemtesa mama. Alisema anaona kila siku, na kwamba hilo ndilo linalomfanya atafute kwa bidii. Sijawahi kumsikia akilalamika kwamba Mungu amechelewa.

Alipougua, tulimpeleka hospitali ya Kilosa. Mwalimu Yeremia, naye mzee sasa, alikuja kwa baiskeli ya kusukumwa na mjukuu, na kichupa cha maji mfukoni. Alikaa kitandani, akakitoa kichupa, akamshika mkono. "Rafiki yangu," alimwambia, "nikuulize?"

"Niulize."

"Unaamini?"

Baba alifumba macho muda mrefu, mpaka nikadhani amelala. "Bado, Mwalimu," alisema. "Lakini usiondoke. Kaa hapa." Mwalimu Yeremia akakirudisha kichupa mfukoni, akakaa. Alikaa mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyemfumba macho.

Tulipomaliza matanga, Mwalimu alikuja kumwambia mama kile ambacho sote tulikijua na hakuna aliyethubutu kukisema. Hana mume tena. Kizuizi kimeondoka. Mama alimshukuru. Jumapili aliyokuja kasisi alivaa nguo zake za eda, akaenda mbele na wenzake, mwanamke mwenye mvi aliyekuwa ameifulia Meza ile kitambaa maisha yake yote, akapiga magoti, akapokea. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikilia, sijui kwa furaha au kwa uchungu. Aliporudi akaketi karibu nami, mikono mapajani. Nilimwuliza ameomba nini.

"Sikuomba kitu," alisema. "Nimemwambia tu Bwana, yule aliyenichelewesha hakukudanganya hata mara moja. Sisi wote hapa tumewahi."